Herufi za Bi Mwanarusi

Kila asubuhi Bi Mwanarusi huandika ndoto yake.

Huandika akiwa kitandani, nyumbani kwake Msambweni, kwa vidole vya mkono wa kushoto. Mito mitatu huwa mgongoni. Siku za mwanzo, mapajani palikuwa na sinia. Juu ya sinia palikuwa na kibodi, ubao wa herufi wa kompyuta. Kibodi hii haina waya. Haijaunganishwa na kitu chochote. Lakini mbele ya kitanda, juu ya kabati la chuma, kuna skrini kubwa nyeupe, na herufi hutokea huko. Moja. Nyingine. Nyingine tena. Hutokea bila haraka, kama watu wanaofungua milango yao alfajiri.

Binti yake, Hafsa, ni mshonaji. Hushona katika chumba hichohicho, karibu na dirisha. Herufi zinapoanza kutokea, husimamisha gurudumu la cherehani ili asome.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba skrini ilisema hivi:

"Nimeota niko ofisini. Ukumbi ulikuwa mrefu. Mashine za chapa zilikuwa zinalia katika kila chumba, lakini hapakuwa na mtu. Nikaita. Sauti yangu ikatoka."

"Ulimwita nani, Mama?" akauliza Hafsa.

Vidole vikatafuta herufi.

"Yeyote."

Bi Mwanarusi alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Kwale kwa miaka thelathini. Alistaafu akiwa na macho mazuri na vidole vyepesi. Kisha, mwezi wa pili mwaka huu, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na mguu wa kulia pia. Ulimi ukawa mzito. Sauti ilitoka, lakini haikushika umbo la neno.

Daktari alieleza jambo hilo waziwazi. "Misuli ya kinywa ndiyo iliyolegea," alisema. "Maneno yenyewe yako salama kichwani. Anasikia na anaelewa. Mtafutieni njia ya kuyatoa."

Walijaribu kalamu. Mkono wa kushoto haukuwahi kushika kalamu, na maandishi hayakusomeka. Walijaribu simu. Herufi zilikuwa ndogo mno kwa kidole chake. Ndipo Matano, mwanawe mkubwa, akaleta kompyuta. Matano ni mtunza stoo katika hoteli moja ya Diani, na anakaa Ukunda. Alileta mashine, skrini, na boksi jipya lenye kibodi na kipanya visivyo na waya. Kipanya ni kile kidude cha kusukuma kwa kiganja, kinachosogeza mshale kwenye skrini.

Siku hiyo ya kwanza hakuna kilichofanya kazi.

"Tumeibiwa," alisema Matano. "Hebu tazama. Hapa kwenye picha kuna kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ndani ya boksi hakuna kipokezi."

"Labda kimeanguka," alisema Hafsa.

"Kimeangukia wapi? Boksi lilikuwa na gundi mpaka kwenye masikio."

Waliligeuza boksi. Walikung'uta mfuko wa nailoni. Waliinama chini ya kitanda. Muda wote huo Bi Mwanarusi alikuwa akinyoosha kidole kwenye kipanya na kuguna.

"Mpe, Kaka, anakitaka."

Matano akampa. Mama akakigeuza kipanya tumbo juu, akabana kifuniko kwa ukucha, na kifuniko kikafunguka. Ndani, kando ya mahali pa betri, kilikaa kipokezi. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Karatasi ya maelezo ilikuwa mapajani mwake. Watoto wake walipokuwa wakibishana, yeye alikuwa akiisoma.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Kipokezi walikichomeka katika tundu la USB nyuma ya mashine. Betri walizitia kwa kufuata alama, jumlisha upande wa jumlisha, kutoa upande wa kutoa. Walivuta kile kipande cha plastiki kinachoziba betri mpya za kiwandani. Waliwasha swichi ndogo iliyo chini ya kibodi na nyingine iliyo chini ya kipanya. Wakasubiri kidogo ili kompyuta ivitambue vifaa vyake. Kisha Mama akaandika, "Nina njaa," na wote watatu wakacheka, naye kwa sauti yake isiyo na maneno.

Kwa miezi mitatu nyumba ilikuwa na utulivu wa ajabu. Mtu aliyeingia aliikuta cherehani ikinong'ona, pazia likipumua dirishani, na sentensi zikitokea zenyewe kwenye skrini.

Kisha upepo wa kusi ukazidi kuvuma.

Mtu wa pwani anajua chumvi ya hewa inavyokula vyuma. Hula bawaba, hula misumari, hula redio. Hafsa aliihofia kompyuta. Kwa hiyo aliiingiza mashine yenyewe, lile boksi jeusi, ndani ya kabati la chuma, akaacha skrini juu. Nyaya alizipitisha katika tundu la nyuma. Akafunga milango miwili ya kabati na kuifunika kwa leso. Alijiona amefanya jambo la busara.

Siku chache baadaye maneno ya Mama yakaanza kuharibika.

Hafsa alidhani betri zimechoka. Akafanya kama alivyofanya marehemu baba yake kwa redio ya taarifa ya habari. Akazitoa betri, akazianika juani, juu ya mfuniko wa tangi la maji, tangu alasiri mpaka jua linatua. Moja ilipoonekana haifai kabisa, alichukua ya saa ya ukutani, akazichanganya.

Asubuhi kibodi iliandika vizuri. Hafsa akafurahi. Lakini ilipofika saa nne, skrini ilisema:

"Mwananguuuuuuuuuuuuuuuu"

Saa sita ilisema:

"Stki ch. Ntk mjjjjjjjjjjj"

Hafsa aliichukua kibodi, akaenda nayo hadi kwenye kabati, akafungua mlango ili atazame taa za mashine, akaandika, "Mimi ni Hafsa." Skrini ikaandika, "Mimi ni Hafsa." Hakuna herufi iliyokosekana.

Akasimama pale na kibodi mikononi, akiitazama sentensi yake iliyonyooka. Kama kibodi ni nzima, basi kisicho kizima ni nini?

Ikawa hivyo kila siku, na kila alasiri ile betri ya zamani ilirudi juani. Asubuhi Mama alisimulia ndoto. Adhuhuri alitoa herufi zisizo na maana. Akiona kilichotokea kwenye skrini, alipiga sinia kwa kiganja, na sinia ikalia nyumba nzima.

Jumatano moja Matano alifika mchana. Alimwamkia mama yake.

"Shikamoo, Mama."

Bi Mwanarusi aliinua mkono, kisha akaandika. Matano alisoma, "Mrhbbbbbbb mwn wng."

"Imeanza lini hali hii?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wiki ya tatu sasa," alisema Hafsa. "Asubuhi yuko sawa, Kaka. Jua likipanda anapotea."

"Kibodi umeitazama?"

"Nimeijaribu kwa mikono yangu. Nzima."

Matano aliitazama tena skrini. Halafu akasema kama mtu aliyekwisha kuamua tangu njiani. "Basi ni akili. Hapa huwezi peke yako. Ijumaa, baada ya swala, nitakuja na gari. Nitamchukua akakae kwangu Ukunda, nyumba tutaifunga. Na hii kompyuta iondolewe. Inamtia uchungu bure."

"Tumuulize mwenyewe."

"Tumuulize nini, Hafsa? Soma hapo. Huyu ndiye wa kuulizwa?"

Kitandani, vidole vya mkono wa kushoto vilikwenda mbio. Skrini ilijaa: "sssssss tk sssssssss." Sinia ikapigwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Matano akamshika mama yake mkono ili kumtuliza. Bi Mwanarusi akauvuta mkono wake.

Alikuwa amesikia kila neno.

Alhamisi asubuhi jirani yao Kahaso alipiga hodi. Kahaso anatoka Kinango, naye anafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi kilicho karibu. Si mtu wa maneno mengi. Alikuwa amekuja kujaribu gauni.

"Mbona linanibana?" aliuliza.

"Umenenepa."

"Au wewe umekula kitambaa."

"Kitambaa ulileta haba, mwenzangu, na nilikwambia."

Walicheka kidogo, lakini Hafsa hakucheka mpaka mwisho. Kahaso alimtazama, kisha akaitazama skrini. Ilikuwa imepita saa nne. Juu kulikuwa na sentensi mbili safi kuhusu mto uliojaa karatasi nyeupe. Chini yake kulikuwa na mstari mrefu wa herufi moja.

"Nani ameandika huu wa chini?"

Hafsa akamweleza. Alimweleza vyote, pamoja na gari la Ijumaa. Alizungumza kwa kunong'ona, ingawa mama yake alikuwa hatua nne tu kutoka pale.

Kahaso hakunong'ona. Alivuka chumba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Shikamoo, Mama. Nina ombi. Andika jina lako, herufi moja moja. Mimi sitatazama skrini. Nitatazama kidole."

Bi Mwanarusi akaandika. Kahaso alifuata kidole kwa macho. M. W. A. N. A. R. U. S. I. Hakikukosea hata herufi moja, na kila kitufe kilibonyezwa na kuachwa. Ndipo akageuka kuisoma skrini.

"Mwnarusiiiiiiii."

"Mama ameandika sawasawa," alisema Kahaso. "Herufi hazikufika zote. Hilo ni tatizo la vifaa, Hafsa."

"Lakini mimi niliijaribu!"

"Uliijaribia wapi?"

"Pale, karibu na kabati."

"Na mlango wa kabati?"

"Niliufungua, nione taa."

"Basi hukuijaribu kibodi ya Mama. Mama anaandikia kitandani, na mlango umefungwa. Kipokezi kiko wapi?"

"Nyuma ya mashine."

"Na mashine iko ndani ya sanduku la chuma." Kahaso aliinuka. "Kibodi hii inazungumza na kipokezi kwa mawimbi ya redio. Hayo mawimbi huyaoni wala huyasikii, lakini yapo, yanavuka chumba sasa hivi. Mbao yanapita. Nguo yanapita. Chuma kinayazuia. Yanayofika ni yale yanayopenya kwenye nyufa na kwenye lile tundu la nyaya."

Hafsa alitazama hewa iliyo kati ya kitanda na kabati, kana kwamba angeweza kuyaona.

"Nilikuwa nakinga chumvi," alisema.

"Najua. Ulikinga chumvi, ukakinga na maneno ya mama yako. Sasa sikiliza. Tutatengeneza kimoja kimoja, na kila tukibadilisha kitu, tutajaribu. Tukibadilisha vyote pamoja hatutajua ni kipi kilichoharibu."

Akafungua milango ya kabati. "Jina, Mama."

"Mwanarus," ikasema skrini. Kisha, "Mwanarusii."

"Afadhali," alisema Kahaso. "Bado haijatosha. Hizi herufi zinazojirudia, unajua zinatoka wapi? Ukibonyeza kitufe, kibodi hutuma habari mbili. Ya kwanza husema, kidole kimeshuka. Ya pili husema, kidole kimeinuka. Habari ya pili ikipotea njiani, kompyuta hudhani kidole bado kiko pale pale. Huendelea kuandika hiyohiyo. Haina kosa. Inangoja tu kuambiwa."

Bi Mwanarusi aliguna. Lilikuwa guno la mtu aliyeeleweka.

Kahaso akazima swichi ya kibodi, akaigeuza, akafungua mahali pa betri. Betri moja ilikuwa ya kijani, nyingine ya dhahabu. Kwenye ncha ya ile ya kijani kulikuwa na unga mweupe.

"Hii ya dhahabu nimeitoa kwenye saa," alisema Hafsa. "Ile nyingine naianika."

"Unaianika?"

"Juani. Betri ikianikwa si hupata nguvu? Baba akianika, redio ilikuwa inalia mpaka taarifa inakwisha."

"Ililia, ndiyo. Jua haliongezi umeme. Joto na kupumzika huamsha kidogo kilichobaki ndani, basi betri hujitahidi nusu saa, saa moja, kisha hulala chini kuliko mwanzo. Redio ikipungua nguvu hupunguza sauti, nawe bado unasikia. Kibodi haina sauti ya kupunguza. Yenyewe huacha herufi." Akamgeukia Hafsa. "Ulikuwa unazirudisha saa ngapi?"

"Asubuhi," alisema Hafsa. Kisha akalisikia jibu lake mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Asubuhi yuko sawa. Jua likipanda anapotea. Zilikuwa ni betri, Kahaso."

"Zilikuwa ni betri."

"Ya Rabi. Na mimi nilimwambia Kaka..."

"Utalia baadaye. Nipe kwanza kitambaa kikavu na ndimu."

Unga ule mweupe, Kahaso alieleza, ni dawa ya ndani ya betri. Betri ikichomwa na jua au ikichoka sana huvuja, na kinachovuja hula chuma cha kibodi kuliko chumvi ya bahari. Kisiguswe kwa vidole vitupu. Alijifunga kipande cha nailoni kidoleni, akaufuta unga, akapitisha kitambaa chenye tone moja tu la ndimu, akakausha kwa kitambaa kingine. Halafu akaenda kunawa kwa sabuni, na Hafsa akaenda dukani.

Alirudi na betri nne mpya za aina moja, kutoka pakiti moja. Mbili za kibodi, mbili za kipanya.

"Usichanganye ya zamani na mpya," alisema Kahaso akizitia. "Iliyochoka huivuta nzima chini, na huvuja upesi. Zibadilishe zote siku moja. Na hii taa nyekundu hapa pembeni, uliwahi kuiona?"

"Inayopepesa? Nilidhani ndiyo dalili ya uzima."

"Ndiyo dalili ya njaa. Ikipepesa, nenda dukani."

Kisha akachomoa kipokezi nyuma ya mashine. Katika mkoba wake alikuwa na waya mfupi wa kurefusha. Akauchomeka waya kwenye mashine, na kipokezi kwenye ncha ya waya. Akakibandika kwa gundi pembeni mwa skrini, kikielekea kitanda bila kitu cha kukizuia. Mashine nayo akaitoa kabatini, akaiweka juu ya stuli. Hata joto lake, alisema, lilikuwa halina pa kutokea.

"Na chumvi?"

"Mfunike kitambaa akiwa amezimwa. Akiwashwa, mfunue apumue."

Hafsa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu Kahaso aliizungumzia mashine kama mgonjwa.

Palibaki kipanya. Bi Mwanarusi alikuwa ameacha kukitumia. Mshale wake uliruka huku na huku, ukapotea. Kahaso akakigeuza, akamwonyesha jicho dogo lenye mwanga chini yake.

"Jicho hili hutazama kitu kilicho chini na kuona kinavyosogea. Sinia inang'aa. Jicho linauona mwanga wake wenyewe ukirudi, basi halijui limekwenda wapi. Kioo pia huwa hivyo. Linataka kitu kisichong'aa. Una ubao?"

Hafsa alitazama huku na huku. Penye vitambaa vyake kulikuwa na ule ubao mwembamba ambao jora huzungushiwa dukani. Akafungua kitambaa kilichobaki, akauweka ubao mapajani mwa mama yake. Sinia ikarudishwa jikoni, kwenye kazi yake. Mshale ukatembea kwenye skrini taratibu, kwa njia iliyonyooka, ukasimama pale Bi Mwanarusi alipotaka usimame.

"Ikikataa tena," alisema Kahaso, "usianze na mwandishi. Anza na swichi, imewashwa? Kisha betri. Kisha kipokezi, kimekaa sawasawa? Kichomoe, kitie tundu jingine. Kibodi na kipanya hivi vinatumia kipokezi kimoja, na ni hiki tu. Kikipotea, usidhani utaazima cha jirani. Haya, Mama. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa sita na nusu. Jua lilikuwa limefika katikati. Nje, vivuli vilikuwa vimeingia chini ya vitu vyake. Ndani palikuwa kimya, na katika ule weupe wa skrini herufi zikaanza kutokea, kila moja ikiwa na nafasi yake, hakuna iliyokosa, hakuna iliyojirudia.

"Akili yangu iko hapa hapa."

Hafsa akaenda kuketi chini, kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye mkono wa mama yake uliolegea.

"Nisamehe, Mama."

Mkono wa kushoto uliendelea na kazi. "Nimekusamehe. Usilowanishe ubao. Matano anakuja lini?"

"Kesho. Baada ya swala."

"Niache. Nina barua ya kuandika."

Ijumaa, saa nane kasoro, gari lilisimama nje. Matano aliingia na kanzu yake ya msikitini, na dereva akabaki garini.

"Amefunga mizigo?" alimuuliza Hafsa.

"Una barua," alisema Hafsa, akanyoosha mkono kwenye skrini.

Matano alisoma akiwa amesimama.

"Kwa: Bw. Matano, Ukunda.

Kutoka kwa: Mwanarusi, mama yako.

KUH: KUHAMISHWA KWANGU

Taarifa yako ya Jumatano imepokelewa. Ilitolewa mbele yangu lakini haikuelekezwa kwangu. Sikuulizwa.

Mazoezi yangu ya mguu na ulimi yako hapa hospitalini, mara mbili kwa wiki. Nimeanza kutamka A na M. Nikihama nitayakatiza.

Hafsa hajanichoka. Nimemuuliza. Wewe pia ulipaswa kumuuliza.

Kwako nitakuja kama mgeni, Jumamosi mpaka Jumatatu, nione wajukuu. Tafadhali thibitisha."

Matano alisoma tena tangu juu. Shingo yake ilikuwa imeinama mbele kama ya mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Nani ameandika?"

"Wewe unadhani ni mimi?" alisema Hafsa. "Mimi naijua hiyo 'haikuelekezwa kwangu'?"

"Aliandika asubuhi, basi. Asubuhi huwa..."

Akakatizwa. Kwenye skrini, chini ya barua, herufi zilikuwa zinatembea. Matano akageuka. Mama yake alikuwa amekaa wima kwenye mito mitatu, macho yake kwenye vitufe.

"Sasa ni saa nane. Uliza unachotaka."

Matano alisogea karibu na kitanda. Aliuliza swali ambalo hakuwa amelipanga.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikwambia. Herufi hazikufika."

Hafsa akamweleza kuhusu kabati, jua na betri ya saa. Hakuficha sehemu yake. Matano, mtu wa stoo, alikwenda akazitazama betri zile mbili zilizotupwa kwenye mkebe, ya kijani na ya dhahabu. Alizigeuza kwa kijiti. Aliufungua mlango wa kabati tupu, akaugonga kwa vidole, akausikia ulivyo chuma.

"Vitu vidogo hivi," alisema.

Akatoka nje, akamwambia dereva aende, arudi kesho, na kwamba ni safari ya siku tatu. Aliporudi, aliketi mbele ya skrini, akasema kwa adabu aliyokuwa nayo alipokuwa mtoto wa shule, "Nimethibitisha, Mama."

Betri zile mpya zilikaa miezi mingi. Hafsa sasa huzima swichi Mama anapolala, na hakuna kitu kinachoanikwa kwenye mfuniko wa tangi ila samaki. Bi Mwanarusi amekwenda Ukunda mara tatu na kurudi mara tatu. Ametamka "maji", na siku nyingine ametamka "moto". Nyumbani kwa Matano hakuna jambo la ukoo linaloamuliwa kabla halijapelekwa Msambweni.

Juzi Matano alikuja na jambo moja. Binti yake mkubwa anachumbiwa, na upande wa pili wanataka jibu. Alieleza yote, mchumba ni nani, baba yake ni nani, kazi yake ni ipi.

"Basi, Mama, unasemaje? Tuwaitikie?"

Bi Mwanarusi aliifikiria. Kidole kikashuka.

"La"

Matano akapumua. Alikusanya funguo zake, akainuka kwenda kuwapigia simu. Alikuwa amefika mlangoni Hafsa alipomwita.

"Kaka, keti. Bado anaandika neno hilo."

Matano akarudi, akaketi, akasubiri.